Barua kwa Mama: punda wa Juma na farasi wa New York

New York, Desemba 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo kwa Bibi, kwa Shangazi Rukia na kwa Mjomba Athumani pia, ingawa Mjomba nina neno naye na nitalifikia. Wadogo zangu wote nawasalimu. Mimi mzima, kazi ipo, baridi ipo, namshukuru Mungu.

Hela nimetuma jana kwa jina lako, si kwa jina la Juma. Asinune. Sehemu yake ni ya dawa za Bibi, na hiyo isiguswe na mtu. Inayobaki ni ya punda. Juma aliomba punda wa pili na mkokoteni mpya. Nimetuma ya punda na ya matandiko. Mkokoteni ule wa zamani uchomelewe, bado unafaa. Na nina masharti, nitayaandika chini, umsomee mwenyewe asikie.

Sasa Mjomba. Maneno aliyoyaandika kwenye grupu la familia nimeyasoma yote. Kwamba mtoto waliyemchangia nauli kaenda Marekani kushika mabango ya kutetea farasi, huku ndugu zake wanasukuma mkokoteni kwa mikono. Watu wakajaza vicheko chini yake, hata Rehema, ambaye ada yake anajua inatoka wapi. Sikujibu pale, kwa sababu Mjomba ni mkubwa wangu na sibishani na mkubwa mbele ya watoto. Lakini limenikaa rohoni, na sitaki lipite kimya. Naomba barua hii isomwe wote wakiwepo, naye akiwepo.

Kwanza mjue hao farasi ni akina nani. Katikati ya New York kuna bustani kubwa inaitwa Central Park, na watalii hulipa kuzungushwa humo kwa gari la farasi. Leseni za magari hayo ni 68, farasi wako kama 200. Hawalali bustanini. Mabanda yao yako upande wa magharibi wa jiji, mitaa ya Hell's Kitchen, ndani ya majengo. Mama, farasi anapandishwa ghorofani kwa njia ya mteremko, anafungiwa kwenye kizimba chake, na hana hata kipande cha uwanja wa kujinyoosha. Asubuhi anashushwa, anafungwa gari, anapita katikati ya mabasi na malori mpaka bustanini. Kazi ikiisha anarudi njia ileile.

Nyumba ya yule bibi ninayemhudumia iko njiani mwao. Nikitoka zamu ya usiku nakutana nao kwenye taa za barabarani. Siku moja nilisimama karibu na mmoja kiasi cha kumgusa. Pembeni mwa macho kafungwa vile vipande vya ngozi asione kushoto wala kulia. Mbele yake kuna lori la mizigo, moshi unamjia puani, naye anainua kichwa, anakishusha, anakigeuza, hana pa kukipeleka. Taa ikawaka kijani. Akakanyaga bamba la chuma lililofunika shimo la barabarani, kwato la nyuma likateleza, akajikaza, gari likayumba, na teksi ya nyuma ikampigia honi ndefu. Akatetemeka mwili mzima. Begani, pale ukanda unapolalia, manyoya yalikuwa yamekwanguka pamebaki ngozi tupu. Ni palepale Mama, unapajua, Baba alipokuwa akimpaka punda wetu mafuta kila jioni.

Sheria zipo, sitaki mtu aseme natia chumvi. Farasi hafanyi kazi zaidi ya saa 9 kwa siku. Joto likifika nyuzi 32 anapumzishwa, baridi ikishuka nyuzi 8 chini ya sifuri anapumzishwa. Kila mwaka apewe wiki 5 za mapumziko malishoni nje ya jiji. Wenye magari wanazitaja hizi kila tukikutana nao, na ni za kweli. Ila hakuna hata moja inayomtoa farasi katikati ya malori, wala inayompa hayo malisho kwa wiki nyingine 47. Na vyote hivyo ni kwa ajili ya nini? Hapelekei mtu maji. Hapelekei mgonjwa hospitali. Anazungusha watu wapige picha.

Agosti 2022 farasi mmoja aliyeitwa Ryder alianguka 9th Avenue, saa za msongamano, joto kali. Video ilizunguka dunia nzima, labda hata nyinyi iliwafikia. Amelala juu ya lami, anapigwa kwa hatamu na kuambiwa ainuke, baadaye polisi ndio waliokuja kummwagia maji. Makaratasi yalisema ana miaka 13. Kumbe alikuwa mzee aliyepita 20. Oktoba mwaka huohuo akamalizwa kwa sindano kwa ajili ya ugonjwa. Aliyekuwa akimwendesha alishtakiwa, na Julai mwaka huu baraza la raia wanaoamua kesi mahakamani likamwona hana hatia. Mahakama imesema, mimi sibishani nayo. Haikupita hata wiki 3, Agosti 2025, farasi jike mwingine aitwaye Lady akaanguka mitaa ileile akirudi bandani, akafa palepale. Uchunguzi ukaonyesha mshipa mkubwa wa damu ulipasuka. Wenye magari wakasema maradhi hayo yangemkuta hata malishoni. Huenda. Lakini angekufa kwenye majani, si kwenye lami na honi zinalia.

Hapo ndipo nilipojiunga na hawa wenzangu wanaotaka magari ya farasi yaondolewe. Mjomba anadhani kazi ni kushika bango tu. Bango ni sehemu ndogo. Siku zangu za mapumziko nasimama kwenye lango la bustani na vikaratasi, nasubiri mtalii kabla hajapanda. Hatupigi kelele. Tulifundishana tangu mwanzo kwamba ukimpigia mtu kelele mbele ya watoto wake, atapanda kwa hasira. Unamsalimia, unamuuliza kama anajua farasi huyu analala wapi. Wengi hawajui. Wengine wanarudisha pochi mfukoni, wanaenda kutembea kwa miguu. Kisha kuna simu. Hapa diwani ana ofisi, na mwananchi akipiga simu anaandikwa: kasema anaunga mkono mswada wa kuyaondoa magari hayo, anakaa mtaa fulani. Nimewapigia wengi mpaka makarani wengine wanaijua sauti yangu.

Na sasa nawaambieni jambo ambalo sikuliandika kwenye grupu. Mwezi Oktoba nilisimama kwenye ngazi za City Hall, makao makuu ya jiji hili, nikapewa kipaza sauti. Mimi, Zuhura wenu, mbele ya kamera na watu waliojaa mpaka chini barabarani. Kulikuwa na mawakili pale, kulikuwa na madaktari wa mifugo, na bado waliniomba niongee mimi, kwa sababu nimekulia kwenye nyumba iliyokula kwa mgongo wa mnyama. Niliwaambia baba yangu aliishi kwa punda, na punda wa baba yangu alikuwa na mahali pa kugaagaa mavumbini kila jioni, na raha ile farasi wa mji tajiri kuliko yote anaikosa. Watu walipiga makofi mpaka nikashindwa kuendelea. Picha nakutumia kwa Rehema, aitoe kwenye karatasi, uiweke ukutani karibu na ile ya Baba.

Mswada wenyewe waliuita kwa jina la huyo Ryder. Ulitaka leseni mpya zisitolewe, biashara ifungwe pole pole, na waendeshaji wasaidiwe kupata kazi nyingine. Mapambano haya si ya jana. Bill de Blasio alipogombea umeya mwaka 2013 aliahidi kuyaondoa magari mara tu akiingia. Akaingia 2014, akashindwa. Februari 2016 walikaribia kuafikiana farasi wapunguzwe wabaki 95 na wahamishiwe banda ndani ya bustani, chama cha wafanyakazi kilichowasimamia waendeshaji wakati ule kikajitoa dakika za mwisho, mambo yakavunjika. Mwaka huu tukaona mwanga. Agosti taasisi inayoitunza Central Park, ambayo miaka yote ilikaa pembeni, ikatoka hadharani kusema magari yaondoke. Septemba Meya Eric Adams naye akasema Baraza la Jiji lipitishe mswada. Tulishangilia sana.

Novemba kamati ya afya ya Baraza la Jiji ikaukataa.

Siwezi kuwaficha, nililia. Nilikuwa kazini, nikajifungia bafuni. Yule bibi ninayemhudumia akagonga mlango akauliza kama nyumbani kuna msiba.

Lakini hatujaacha. Chicago walipiga kura 2020 na tangu Januari 2021 hakuna gari la farasi. Montreal, huko Kanada, wameacha tangu 2020. Salt Lake City waliacha 2014, baada ya farasi kuwafia vilevile. San Antonio, Texas, wameshaamua, wenye magari wamepewa mpaka 2030 wajipange. Miji hiyo watalii hawajaikimbia. Na hapahapa New York, mwaka 1866, mtu mmoja aitwaye Henry Bergh alianzisha chama cha kwanza Marekani cha kuzuia ukatili kwa wanyama, kwa uchungu wa kuona farasi wanavyopigwa kwenye mitaa hiihii. Walimcheka hadharani, wakamchora magazetini. Mjomba ajue nimechekwa pamoja na watu wazito.

Kuna jambo moja linaloniumiza, na nataka niliseme kwa sababu najua Shangazi Rukia ataliuliza. Waendeshaji wa magari yale wengi ni wahamiaji, watu kama mimi, wana mama zao mahali wanaosubiri hela. Wana chama chao, kile cha wafanyakazi wa usafiri, na wanatupinga kwa nguvu. Mmoja aliniambia pale langoni, "Dada, ukishinda wewe, wanangu wanakula nini?" Sikumpita. Nilisimama tukaongea mpaka mteja wake akaja. Anampenda farasi wake, nimeona anavyomfunika blanketi, anavyomkagua kwato. Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wachache wanaowatukana. Mimi nataka leseni ile igeuke kuwa gari la umeme la umbo lilelile, kama walivyoanza miji mingine, na yule baba akae palepale mbele, akamate usukani badala ya hatamu. Jiji hili lina hela za kumsaidia avuke. Kinachokosekana ni nia.

Juma, sasa nakuja kwako. Umeniandikia, "Ukitetea farasi huko, basi na sisi tuache punda?" Nimekusikia na sijakuambia uache. Punda wako anabeba maji na tofali za watu, pasipo yeye jiko la Mama halifuki moshi. Sipigani na kazi ya mnyama, napigana na mnyama kuteswa kwa starehe, na kuteswa kwa uzembe. Huo wa pili ndio unaokuhusu. Rehema alinitumia picha ya sikukuu na nyuma yenu nilimwona punda, na nilimwona bega lake. Usiniambie ni doa la picha.

Masharti ni haya. Matandiko yanunuliwe kabla ya punda, yawe na pedi, si gunia lililokunjwa. Kamba ya plastiki isimguse tena kifuani. Yule wa sasa apumzike mpaka kidonda kikauke kabisa, na mtaalamu wa mifugo amwone, hela yake nimeiweka ndani. Mchana jua likiwa kali asifanye kazi, maji awe nayo muda wote. Na mwenye tofali akikuambia upakie mpaka juu, mkatalie. Baba alikuwa anakataa. Unakumbuka siku ile mlima ulipomshinda yule punda mzee, Baba akamfungua, akaingia mwenyewe kwenye mkokoteni tukasukuma sisi wote mpaka juu? Watu walimcheka na yeye. Hakuna hata siku moja aliyorudi nyumbani akaona aibu kwa hilo.

Mama, nimekumbuka sana nyumbani mwaka huu. Alfajiri, kabla magari hayajaanza, kwato zinasikika barabarani chini ya dirisha, na kwa dakika moja hivi najua kabisa niko chumbani kwetu na Baba anatoka. Kisha king'ora kinapita. Usihuzunike lakini. Nina koti zuri sana, chumba kina joto, na mwenye kazi kaniongezea siku.

Harusi ya Salma sitaweza kuja, mwambie nimemtumia kitenge kwa mkono wa yule anayesafiri Januari, achague rangi kabla Rehema hajachagua. Bibi amalize dozi, asiache katikati akijisikia nafuu. Shangazi Rukia anipigie Jumapili usiku wa huko, nina habari yake nisiyotaka kuiandika.

Na Mjomba nampenda, mwambieni hivyo. Aliuza baiskeli yake nipate nauli, na hilo sijalisahau wala sitalisahau. Lakini alichokiandika alikiandika mbele ya watu wote, basi akishasikia barua hii na jibu lake aliweke palepale kwenye grupu. Nangoja.

Mwanao akupendaye,
Zuhura