Daktari alitazama kanga, akapima akili

Mhariri,

Mwaka jana nilimuuguza mdogo wangu kwenye wodi ya watoto wachanga katika hospitali moja hapa mkoani. Alikuwa na mshono wa upasuaji, ndiyo maana niliruhusiwa kukaa naye. Ana miaka 19 na huyo ndiye kifungua mimba wake.

Siku ya pili tu alisema, "Dada, macho ya mtoto yana rangi." Akajibiwa kwamba watoto wote wako hivyo. Ni kweli, watoto kama 6 kati ya 10 waliozaliwa kwa wakati hupata manjano wiki ya kwanza, na wengi hupona wenyewe. Lakini ngozi nyeusi huyaficha, ndiyo maana huangaliwa weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Yanapozidi hupanda kwenye ubongo, na mtoto anaweza kubaki na uziwi au mtindio wa ubongo. Mama anayemtazama mwanawe kutwa nzima ndiye anayeona mapema, ila sharti asikilizwe.

Siku ya tatu wakampima mtoto, akawekwa chini ya taa ya kutibu manjano. Kitanda cha jirani alikuwapo mama mfanyakazi wa benki, mwanawe ana manjano vilevile. Kwake daktari alivuta stuli, akachora kwenye karatasi, akataja namba za vipimo. Kwetu, na kanga zetu, alisema, "Akae kwenye taa, usimtoe," akapita.

Mdogo wangu akawa anamtoa. Mtoto yuko uchi, kafungwa kitambaa machoni, analia chini ya mwanga wa bluu. Mama gani angevumilia? Kesho yake vipimo vikawa havijashuka inavyotakiwa. Daktari akamjia juu: "Ninyi mkiambiwa hamsikii!" Akawageukia wanafunzi wake, akamalizia kwa Kiingereza. Niliambulia kidogo tu, kwamba mama hajasoma. Kidato cha nne kamaliza, hakuulizwa.

Daktari aliamua kwamba mama hataelewa, kwa hiyo hakumweleza. Asiyeelezwa akakosea, na kosa lile likawa ushahidi wake.

Jioni akaja shemeji, shati kachomekea. Yeye akaelezwa yote, mtu ambaye hata kumshika mtoto alikuwa anaogopa!

Sisemi daktari yule ni mtu mbaya. Wodi ilijaa na amesomea kazi yake kwa Kiingereza. Sidhani kama kuna aliyemfundisha kuzungumza na mzazi kwa Kiswahili. Ila muda alikuwa nao, aliutumia hatua mbili kutoka kitandani kwetu. Ninachoomba ni kwamba kabla daktari hajaondoka amwambie mama, kanga au suti, "Hebu nieleze ulivyonielewa." Hapo atajua nani kaelewa bila kukisia kwa mavazi.

Nesi wa zamu ya usiku ndiye aliyetuokoa. Alimwambia mdogo wangu kwamba mwanga ule huibadilisha ile rangi ya manjano ili itoke kwa mkojo na choo, kwamba hufanya kazi pale unapoigusa ngozi, na kitambaa ni cha kulinda macho tu. Tangu hapo hakumtoa tena ila kwa kunyonya. Nilikuwa nimemimina chai kwenye kifuniko cha chupa nesi alipoanza kueleza. Alipomaliza ilikuwa bado inaniunguza midomo.

Mama mkubwa wa mtoto,
Tanga