Bahari haisafiri kwa wastani: barua ya wazi kwa msimamizi wa dawa Lamu

Mheshimiwa unayesimamia ugavi wa dawa visiwani,

Assalamu alaikum. Mimi ni mwalimu wa hesabu kisiwani Pate. Barua hii haiombi pesa; yaomba leja, ili kompyuta itusaidie kupanga ugavi wa dawa.

Msimu uliopita wa upepo wa kusi nilimpeleka mamangu zahanati ya kijijini kuchukua dawa za presha. Muuguzi alivuta droo, akaitazama, akairudisha polepole. Nyuma yake maboksi ya glavu yamepangwa karibu yaguse dari. Dawa, akasema, ziko Mokowe, gatini upande wa bara, tangu wiki iliyopita, hazijapata boti. Simlaumu aliyeagiza. Aliagiza kwa wakati wake, ila alihesabu kwa wastani.

Tuseme mzigo huchukua siku 10 kufika, nasi twaweka akiba ya siku 10. Karatasini inapendeza. Lakini ikiwa nusu ya mizigo hufika siku ya 3 na nusu siku ya 17, wastani bado ni 10, na katika kila mizigo miwili mmoja utakuta rafu imekauka siku 7. Na hivyo ndivyo huku kwetu kulivyo. Lori litoke Mombasa, lipite Garsen na Witu, lishuke Mokowe. Novemba 2023 mafuriko ya Tana yaliikata njia hiyo hiyo. Likishafika, mzigo ungoje boti, na boti ingoje maji. Mji wa Pate boti haiufikii ila maji yakijaa. Yakitoka, watu na mizigo hushukia Mtangawanda. Kusi ikichachamaa, Kiunga nayo ni habari nyingine kabisa.

Utasema basi tujaze stoo. Chanjo zataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na vidonge vikilala mno rafuni muda wake hupita. Ukizidisha unatupa, ukipunguza watu wanarudi mikono mitupu.

Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam, akiwa anauguza maradhi, alikuwa akicheza karata peke yake, akataka kujua ni mara ngapi angeshinda. Kuikokotoa kulimchosha, akaona heri acheze mara mia, kisha ahesabu. (Barazani kwetu wapo waliocheza zaidi ya hizo bila kuhesabu lolote.) Uigaji wa kompyuta ni huo huo. Inaucheza mwaka wetu mara elfu: mara kusi imewahi, mara barabara imekatika, mara injini imekufa katika mlango wa bahari wa Mkanda, mara kuhara kumezuka Kizingitini. Kila mara inaandika droo ilikaa tupu siku ngapi.

Kisha kuna kazi ya pili, kutafuta mpango ulio bora: zahanati ipi ishibishwe kabla ya Aprili, boti moja ipitie vijiji vipi, kwa gharama gani. Mwanahisabati George Dantzig alitoa kanuni ya kuutafuta mwaka 1947, na leo laptopu ya kawaida huimaliza upesi. Ila nakusihi, usiletewe hiyo peke yake ukatia sahihi. Kompyuta ikiambiwa ipunguze gharama tu itabana kila kitu, na upepo wa kwanza utauvunja mpango. Uchaguliwe, upitishwe katika ile miaka elfu, ukivunjika utafutwe mwingine.

Takwimu zipo. Leja za zahanati zina tarehe ya kila boksi lililoingia na siku kila dawa ilipokwisha. Kisichoandikwa kimo vichwani mwa manahodha: bamvua ipi unapita, wiki zipi za kusi huendi hata ukilipwa maradufu. Mtu wa Nairobi akiyatengeneza haya bila kuwauliza, atatuletea bahari isiyo na mawimbi.

Ninachoomba ni leja za miaka mitatu za zahanati tano, majina ya wagonjwa yakiwa yamefunikwa, na asubuhi moja ofisini kwako na manahodha wawili. Hesabu nitaifanya mimi bila malipo. Kahawa na halua pia juu yangu. Nitavuka Jumamosi yoyote utakayotaja, maji yakiruhusu.

Wabillahi taufiq,
Mwalimu wa hesabu, Pate