YAH: Viatu vya mlimani vilivyobandikwa upana usio wake

Moshi, 14 Julai

Meneja, Huduma kwa Wateja
Makao Makuu, Dar es Salaam

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwongoza watalii Mlima Kilimanjaro. Mwezi Mei nilinunua kwenye tawi lenu la Arusha jozi ya viatu vya mlimani, namba 43, kwa Sh 420,000. Nakala ya risiti na picha nimeambatanisha.

Mguu wangu ni mpana mbele, na muuzaji wenu nilimweleza hivyo kabla hajashusha boksi hata moja. Nilitaka viatu vyepesi, vyenye nafasi ya vidole na soli ya kutosha, kwa ajili ya kipupwe. Akanipa boksi lenye karatasi ya 2E, yaani upana unaozidi ule wa kawaida wa wanaume, ambao ni D. Nilipomwambia vinabana kidogo akanijibu, "Vitaachia tu, kaka." Viatu hivi vina utando wa kuzuia maji ndani, na kiatu cha namna hiyo hakitanuki kama cha ngozi tupu. Anayeuza viatu vya laki nne na ushee alitakiwa alijue hilo.

Nimeshuka mlimani ndipo nikafunua ulimi wa kiatu. Lebo iliyoshonwa kiwandani inasema D, kulia na kushoto. Ile 2E iko kwenye boksi peke yake, na ukiikwangua pembeni kwa ukucha unakuta karatasi nyingine chini yake: D. Angalieni picha ya pili.

Pengine kwa mtu wa ofisini herufi hizo si kitu. Usiku wa kwenda kilele cha Uhuru tunatoka kambi ya Kibo, zaidi ya mita 4,700, karibu saa sita, na baridi iko chini ya sifuri. Mgeni anakwenda pole pole, na mimi nasimama kumsubiri, tena na tena. Soksi nene ya sufu ikigandamizwa kwenye kiatu kinachobana haibaki na hewa ya kushika joto, na damu haifiki vizuri vidoleni. Tulipofika Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, vidole viwili vidogo vya mguu wa kulia nilikuwa sivisikii kabisa, na Uhuru bado iko mbele.

Uzito sina neno. Ni vyepesi kweli, na kwa mtu anayeinua mguu usiku kucha hilo si jambo dogo. Soli nayo, tangazo lenu linasema ni laini "kwenye baridi yoyote". Sponji ya EVA, ile plastiki nyepesi ya soli, hukakamaa baridi ikizidi, ndiyo tabia yake, kwa hiyo bora msingeandika hivyo. Dawa yake ni kuongeza soli nene ya ndani, lakini ndani ya kiatu cha D nitaiweka wapi?

Tawi lenu limenijibu mambo mawili. Kwanza, nichukue namba 44. Kiatu kirefu si kiatu kipana: ukishuka kutoka Kibo kwenda kambi ya chini ya Horombo mguu unateleza mbele, kucha zinagonga, na baada ya wiki zinang'oka. Pili, kwamba vimeshatumika, hivyo havirudishwi. Sijalalamika kwamba vimechakaa. Nalalamikia karatasi iliyobandikwa juu ya karatasi, na hiyo ilikuwepo kabla sijatoa hela.

Naomba nipatiwe jozi ambayo lebo yake ya kiwandani inasema 2E, au nirudishiwe fedha zangu zote, ndani ya siku 14. Naomba pia mkague maboksi mengine ya tawi hilo. Wapagazi wengi hupanda na mitumba, na anayejibana mpaka akanunua kipya anakuja kwenu kwa sababu anaamini kilichoandikwa kwenye boksi. Nisipojibiwa nitapeleka suala hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Viatu nimevisafisha, viko kwangu na boksi lake. Karatasi zote mbili sijazibandua, na sitazibandua mpaka mtu wenu aje azione.

Wenu,
(saini)
Mwongoza watalii, Moshi