Kiwewe cha kurithi si laana ya ukoo

Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa utamaduni kuhusu kujiua katika tamthilia za Uingereza ilieleza mchezo wa Alice Birch, Anatomy of a Suicide, kuwa habari za ukoo wenye mkosi, kisha ikafunga kwa methali ya mtoto wa nyoka ni nyoka. Methali hiyo inaupindua mchezo. Naomba nafasi niseme kwa nini, ili kikundi kitakachotaka kuutafsiri kisianze na kosa hilo.

Mchezo ulioneshwa mara ya kwanza mwaka 2017 katika ukumbi wa Royal Court, London, ukiongozwa na Katie Mitchell. Wahusika wakuu ni Carol, binti yake aitwaye Anna, na Bonnie aliyezaliwa na Anna. Carol tunamkuta miaka ya 1970, Anna miaka ya 1990, Bonnie miaka ya 2030. Hadithi zao hazifuatani. Wote watatu wako jukwaani kwa wakati mmoja, kila mmoja na mambo yake na watu wake, na wanasema kwa pamoja. Kitabuni ukurasa umegawanywa safu tatu. Nafasi tupu katika safu ya Carol ni kimya chake wakati Anna anazungumza; mwandishi amekipima kimya hicho, si karatasi iliyobaki.

Urithi unaonekana hapo. Neno linamtoka Carol, na papo hapo linamtoka mjukuu wake Bonnie, aliye mbali kwa miongo na bibi huyo ambaye hakuwahi kumwona. Hakuna anayesimama kutuambia ugonjwa uko damuni. Tunachokiona kikipita mkono kwa mkono ni nyumba moja, mambo yasiyosemwa ndani yake, na waume, madaktari na jamaa wanaouliza "uko sawa?" huku wakitaka jibu la ndiyo. Katika uongozaji wa Mitchell, baina ya onyesho na onyesho wanawake hawa walisimama kimya kama sanamu za dukani huku wengine wakiwavua na kuwavisha maleba. Mkono unainuliwa, gauni linatoka, jingine linaingia, na mwenye mwili hasemi kitu. Mwongozaji akiyapeleka mabadiliko hayo nyuma ya pazia ili kuokoa muda, amekata mshipa wa mchezo.

Bonnie ni daktari. Anaomba kufungwa kizazi, na nyumba ile anaiachia wengine. Ni uamuzi mchungu, na mtu anaweza kubishana nao usiku kucha, lakini ni uamuzi wa mtu aliyejua kuwa mama na bibi yake walijiua, akachagua. Nyoka wa methali hachagui.

Kwa anayetafsiri, tabu kubwa ni mapigo ya usemi, yaani urefu wa maneno. Neno la Kiingereza la kuomba radhi lina silabi mbili. "Samahani" ina nne. La kukataa lina moja. "Hapana" ina tatu. Kwa upande mwingine, kitenzi chetu humeza sentensi nzima: "hatukumwambia" ni neno moja tu. Basi safu moja inarefuka, nyingine inafupika, na yale maneno yaliyopangwa kugongana yanapishana. Ukitafsiri safu ya Carol yote kwanza, kisha ya Anna, utaishia kuandika upya. Tafsiri ukurasa mzima kwa pamoja, uusome kwa sauti na watu watatu, na pale penye mgongano tafuta neno la urefu ule ule: "la" badala ya "hapana", "pole" badala ya "samahani", alimradi mhusika anaweza kulisema bila kusikika kama kamusi.

Mazoezini kila safu ijifunzwe peke yake hadi ikae kichwani, kisha mbili, kisha tatu. Mwigizaji ajifunze kuingia kwa kuhesabu, kwa kuwa neno analolisubiri mara nyingi litamezwa na sauti za jirani. Akiwahi kidogo tu, mgongano umepotea na watazamaji wanasikia kelele. Kosa la pili ni kushindana kwa sauti. Kwa kila dakika mwongozaji aamue sikio la hadhira liende safu ipi, na nyingine mbili zishuke bila kufa.

Tamthilia ya mwisho ya Sarah Kane, 4.48 Psychosis, iliyooneshwa mwaka 2000 baada ya yeye kufariki mwaka 1999, ina mtego tofauti kwa mtafsiri. Haitaji majina ya wasemaji wala idadi yao. Hapa Kiswahili kina bahati: "alisema" haituambii ni mwanamume au mwanamke, hivyo kile Kane alichokiacha wazi kinabaki wazi. Mtafsiri asiongeze "yule dada" wala "yule kaka" kwa nia ya kusaidia.

Kuhusu usalama wa watazamaji, tendo lenyewe la kujiua lisioneshwe na njia yake isitajwe, jukwaani wala kwenye bango. Tangazo la mada liwe mlangoni kabla ya tiketi kukatwa, na awepo mshauri nasaha hadi mtu wa mwisho atoke. Mwandishi Duncan Macmillan, katika tamthilia ya Every Brilliant Thing, anamweka mtoto wa miaka 7 aandike orodha ya mambo mazuri kwa ajili ya mama aliyejaribu kujiua. Watazamaji hupewa vikaratasi vyenye namba na kuvisoma namba zao zikiitwa. Mwigizaji huvigawa mwenyewe kabla ya kuanza, na hapo ndipo humtambua asiyetaka, akamwacha. Anayeviweka vitini mapema ameitupa nafasi hiyo.

Hata sheria hurithiwa. Kujaribu kujiua kuliacha kuwa kosa la jinai Uingereza mwaka 1961, lakini kifungu cha 226 kinacholiharamisha, urithi wa sheria za kikoloni za Waingereza, kilibaki katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Mtazamaji wa Nairobi anayesikia methali ya nyoka ameishi muda mrefu chini ya sheria iliyomwita mgonjwa mhalifu.

Naomba methali ile iondolewe kwenye makala iliyoko mtandaoni, pamoja na kichwa chake cha habari, kwa kuwa kinataja njia ya kujiua.

Mwalimu wa sanaa za maonyesho