Basilika ya Mtakatifu Paulo iliungua, mahujaji waambiwe

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu makanisa ya Roma niliisoma mara mbili, maana mwaka 2025 nilijaliwa kwenda huko kwa hija ya Jubilei. Ila mliposema Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta imesimama vilevile tangu karne ya nne, hapo mliteleza. Kosa hilo linamnyima msomaji kisa kizito kuliko vyote vya kanisa lile.

Kanisa la kale lilianzia enzi za Konstantino, juu ya kaburi la Mtume, kando ya barabara iendayo Ostia. Baadaye kidogo makaisari wakalijenga upya, kubwa zaidi, na likadumu miaka zaidi ya 1,400. Usiku wa kuamkia Julai 16, 1823, moto wa mafundi waliokuwa wakikarabati paa ulishika mbao. Kulipokucha paa lote lilikuwa chini. Papa Pio VII, ambaye mwenyewe alikuwa Mbenediktini, yaani mtawa wa shirika la Mtakatifu Benedikto, alikuwa kitandani hoi baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Waliomuuguza hawakuthubutu kumwambia. Alifariki Agosti 20 bila kupewa habari.

Mrithi wake, Leo XII, aliwaomba waamini wa dunia nzima wachange. Yakazuka mabishano. Msanifu Giuseppe Valadier alipendekeza jengo la sura mpya; Papa akakataa, akaagiza lirudishwe kama lilivyokuwa. Sehemu kubwa ya kazi ikaangukia mikononi mwa Luigi Poletti. Zile nguzo 80 za matale ambazo mgeni huzipita akidhani ni za Warumi wa kale, zilisimamishwa wakati huo. Na waliotoa hawakuwa Wakatoliki peke yao. Muhammad Ali, mtawala wa Misri na Mwislamu, alileta nguzo za alabasta. Mfalme wa Urusi, Nicholas I, Mwothodoksi, alitoa malakiti, jiwe la kijani lenye michirizi kama mawimbi, ambalo leo limepamba altare mbili za pembeni. Nilisimama mbele ya mojawapo ya altare hizo nikashindwa kuondoka. Pio IX alilitabaruku kanisa Desemba 10, 1854, miaka 31 baada ya moto, na ukumbi wa nguzo ulioko mbele ulikamilika mwaka 1928. Hayo yote mmeyaruka!

Kwa hiyo hija yenyewe inakuwa ni kutafuta kilichopona. Kipo kibanda cha marumaru juu ya altare, kazi ya Arnolfo di Cambio ya mwaka 1285. Kipo kinara cha mshumaa wa Pasaka, kirefu kupita watu watatu waliopandiana mabegani. Chini ya altare kuna kaburi: wachimbaji walilifikia jeneza la jiwe katika miaka ya 2002 hadi 2006, na bamba la marumaru juu yake limeandikwa kwa Kilatini PAULO APOSTOLO MART, yaani Paulo, Mtume na mfiadini. Mwaka 2009 Papa Benedikto XVI alitangaza kwamba chembe za mifupa zilizotolewa kwa kupenyeza kifaa kwenye tundu dogo zilipimwa, zikaonekana ni za mtu wa karne ya kwanza au ya pili.

Kuhusu picha za Mapapa zilizozunguka ukutani, naomba muache kueneza ile hadithi kwamba nafasi zikijaa dunia itakwisha. Si mafundisho ya Kanisa.

Kiongozi wa msafara wetu alitupa nusu saa tu, piga picha twende. Mimi nimekulia jirani na Peramiho, nimezoea kuwaona Wabenediktini tangu utotoni, nikamwomba aturuhusu tufike kwenye ua wa ndani wa watawa, kwa kuwa abasia ile, yaani nyumba ya watawa iliyo pamoja na basilika, nayo ni ya Wabenediktini. Ua huo wa karne ya 13 haukuguswa na moto. Nguzo zake ni nyembamba, zimepangwa mbilimbili. Nyingine ni laini, nyingine zimesokotwa kama kamba, na kwenye mikunjo wamepachika vijiwe vya rangi na vya dhahabu, vidogo kuliko punje ya mahindi. Katikati kuna waridi na kimya. Mama mmoja wa kundi letu aliweka kiganja kwenye nguzo, akafumba macho, hakusema kitu.

Naomba basi msahihishe. Na mtakapowaandikia tena mahujaji, waambieni wakiingia watazame upande wa ndani wa Mlango Mtakatifu, ule unaofunguliwa wakati wa Jubilei. Pale pamewekwa milango ya shaba iliyotengenezwa Konstantinopoli mwaka 1070. Iliungua siku ile ya 1823, ikakarabatiwa, na michoro ya Mitume bado inaonekana.

Msomaji wenu,
Songea