Wembamba wa Audrey Hepburn haukuwa urembo tu

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu mwigizaji Audrey Hepburn imenifurahisha kwa picha, ikanikera kwa maneno. Mwandishi ameusifu wembamba wake weee, mpaka akawahimiza wasichana waitafute siri yake. Siri yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni njaa.

Vita vilimkuta Uholanzi, karibu na mji wa Arnhem. Majira ya baridi ya 1944 kuamkia 1945, akiwa na miaka 15, watu walikula hata vitunguu vya maua ya tulipu. Binti akaishiwa damu, miguu ikavimba. Misaada ilipofika baada ya ukombozi, alimaliza kopo zima la maziwa mazito yenye sukari, akaugua. Alitamani kuwa mcheza baleti mkubwa. London akaambiwa mwili wake haufai, umeshadhoofishwa na vita. Ndipo akageukia uigizaji, na mwaka 1954 akapata Oscar kwa filamu ya Roman Holiday. Ya sinema mmeyaandika vizuri, siyarudii.

Ila Somalia mmeipa mstari mmoja! Hepburn alianza kazi ya UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, mwaka 1988 kwa safari ya Ethiopia, na Septemba 1992 akaenda Somalia, Kismayu ikiwemo. Kwetu Mombasa Kismayu si mbali: Wabajuni wa kule ni ndugu zetu. Miaka ile walikimbia vita, wakaja kwa majahazi, wao na Wabarawa wa pwani hiyohiyo ya Somalia, wengine wakapelekwa kambi ya wakimbizi ya Utange. Nyumbani tulimpokea bibi mmoja na mjukuu wake. Mama alipika uji sufuria tele. Bibi akachota kijiko kimoja, akamlisha mtoto, akangoja. Akachota cha pili, akangoja tena. Mtoto analia, anauvuta mkono wake, na bibi hampi zaidi. Mimi nilimwona mchoyo. Habari ya lile kopo la maziwa nilikuja kuisoma miaka mingi baadaye.

Aliporudi kutoka Somalia, Hepburn aligunduliwa saratani iliyoanzia kwenye kidole tumbo. Alifariki Uswisi tarehe 20 Januari 1993, akiwa na miaka 63.

Mkimwandika tena, lile gauni jeusi la filamu ya Breakfast at Tiffany's lirudisheni kurasa za ndani. Ipo picha aliyopigwa Baidoa, Somalia, amempakata mtoto aliyekondeana kwa njaa. Hiyo ndiyo ya ukurasa wa mbele.

Msomaji wenu,
Mombasa