Nalipa miezi 6 mbele, mdhamini wa nini tena?

Ndugu Mhariri, naomba kanafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa. Mimi ni fundi cherehani hapa Kabwe, Mbeya, natafuta chumba na sebule, nimezunguka na dalali Sae, Ituha, Ilomba mpaka miguu imevimba na hela ya kuoneshwa nyumba nishatoa mara tatu. Mwisho tukapata Ilomba, elfu 60 kwa mwezi, miezi 6 mbele, yani laki 3 na 60, alafu mwezi mmoja wa dalali juu. Nikakubali. Naenda kusaini, baba mwenye nyumba ananiambia dada, lete na mdhamini, awe mtumishi wa serikali au mtu mwenye nyumba yake hapa mjini. Nikamuuliza baba, mdhamini wa nini na hela nakupa yote leo? Akasema ndo utaratibu.

Utaratibu wa nani? Ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilishafutwa 2005, siku hizi mambo mengi ya pango ni makubaliano yenu na mkataba wenu, kwahiyo akitaka mdhamini anaweza kuomba na mimi naweza kukataa, ila asiniambie kama vile ni lazima. Mdhamini kazi yake ni kulipa deni pale anayedaiwa akishindwa. Sa mimi hiyo miezi 6 kodi yake sidaiwi hata mia! Anayedaiwa ni yeye baba mwenye nyumba, atakuwa kashika hela yangu na bado hajanipa hiyo miezi ya kukaa. Akisema mwezi wa tatu mwanae anaoa nihame, yeye kadhaminiwa na nani?

Sio kwamba siwaelewi wenye nyumba, wapo wapangaji wanahama usiku wanaacha bili ya maji, na mwingine miezi 6 ikiisha halipi wala hatoki, kesi ikifika baraza la ardhi na nyumba unahesabu miezi. Lakini kama hofu ni hiyo basi pokea kodi mwezi kwa mwezi nikuletee mdhamini, chagua kimoja. Ukitaka vyote viwili ni sawa na wale wakopeshaji wa kausha damu, mkopo laki moja wanaandika tv, friji na godoro.

Na nyie mnaoombwa kudhamini, someni karatasi jamani. Mwaka juzi mtoto wa kaka yangu anasoma chuo akapata chumba Iyunga, akaniambia shangazi saini tu hapa ni fomaliti. Nikasaini nimesimama, huku nina nguo ya mteja begani. Kumbe imeandikwa mdhamini atawajibika kwa "lolote litakalotokea", hakuna kiwango, hakuna mwisho. Walikuwa wanakaa wawili, mwenzake kavunja mlango, luku ya umeme wamegombana na wapangaji wengine, miezi 2 ya mwisho hawajalipa, nikapigiwa simu mimi. Nililipa laki 1 na 85 na rangi ya ukuta juu. Baadae kijana mmoja anayejua sheria ndo akanielewesha kwamba kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mdhamini anabeba deni kama mdaiwa mwenyewe labda mkataba wenyewe uwe umesema vingine. Ningeandika pale "mwisho kodi ya mwezi mmoja, na ni mpaka mwezi wa 12" ningelala vizuri. Kalamu nilikuwa nayo mkononi!

Chumba cha Ilomba nimekikosa, nani nimwombe anisainie wakati mwenyewe najua nilivyoumia? Jana dalali kapiga, kuna kingine Nzovwe. Nimemwambia kabla sijatoa elfu 5 ya kwenda kukiona aulize kwanza kama wanataka mdhamini, mpaka naandika hii barua hajarudisha jibu.

Mpangaji, Mbeya